Ulizipiga Tupa Ndoana Zangu

Tatu,

Nilitaka kuanza na "shoga yangu, mtani wangu" kama siku zote, kalamu ikagoma. Basi nitakuita Tatu tu, kama walivyokuita kwenu Magomeni, mpaka mimi na wewe tumalizane.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yangu ya shanga na vifungo hapa Kariakoo. Ni mchana, jua limewafukuza wateja. Meza yako ya ndala iko palepale ubavuni mwangu, na Zuhura ndiye anayeikalia sasa. Mwanao hajui kuita wateja. Anakaa kimya kama karani wa benki, na ndala zinauzika hivyohivyo, maana watu wanamwonea huruma. Asubuhi akifika ananiambia, "Shikamoo mamdogo," naitikia marahaba, halafu nainama nijifanye natafuta kifungo. Ana macho yako yule mtoto. Siwezi kuyatazama kwa muda mrefu siku hizi, na kosa si lake.

Kosa ni lako. Ulizipiga tupa ndoana zangu, Tatu. Jumapili zote zile tulizokaa ukingoni mwa maji, mimi na wewe, bega kwa bega, ndoana zangu hazikuwa na kijino.

Nimelijua siku ya tatu ya msiba wako, mbele za watu, nikiwa nimevaa dera lako. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Desturi unaijua. Wewe Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na msiba wenu hauishi mpaka sisi watani tuuvuruge. Siku ya mazishi nilijiheshimu. Presha ilikuchukua ghafla mno. Mjomba wako alisimama mlangoni akasema yale yanayosemwa: mwenzetu alikuwa binadamu, kama kuna aliyekosewa naye, amsamehe. Wanawake tukaitikia kutoka ndani, "Tumemsamehe!" Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Nilikuwa nakusamehe vitu vidogovidogo, sufuria yangu uliyoiunguza, umbea wako, ile tabia ya kuazima mwavuli mvua ikianza na kuurudisha kiangazi. Nilidhani hayo ndiyo makosa yako yote.

Hitima ilipokwisha ndipo nikaanza kazi yangu ya utani. Niliingia chumbani kwako, nikavaa dera la zambarau na kofia yako ya ukindu, nikavuta uvunguni lile kopo la biskuti tulilowekea vyambo vyetu vya bandia, nikatoka nalo. Nikawatangazia ndugu zako kwamba kopo halirudi mpaka wanikomboe kwa jogoo. Nikakaa katikati ya mkeka nikakuigiza. Nilikuigiza vizuri, Tatu, sitaki kujisifu. Nilikohoa kama unavyokohoa kabla ya kuchagua. Nikainua chambo kwenye mwanga, jicho moja nimelifumba, nikasema kwa sauti yako, "Leo maji yana tope, huyu bwana haoni kitu. Mpe cheusi, chenye kelele, kimkere mpaka aume!" Shangazi yako alicheka mpaka akashika mbavu. Walikuwa wanalia na kucheka, kama inavyotakiwa.

Kisha nikachukua chambo chenye uzi wa buluu, yaani changu, nikakinasisha kwenye pindo la dera ili niigize kambale anavyovutwa. Nikavuta, kikachomoka. Nikakinasisha tena, kikachomoka tena, laini, kama sindano ya kushonea. Watu wanacheka. Nikachukua cha uzi mwekundu, chako. Kikashika dera na kugoma kutoka, nikakivuta mpaka kitambaa kikachanika. Nikarudi kwenye vya buluu. Kimoja, kingine, kingine. Vyote vilitoka bila ubishi. Nikakisogeza kimoja karibu na macho, nikaona. Kile kijino cha ndani ya ndoana, kinachomzuia samaki asirudi alikotoka, hakikuwepo. Mahali pake palikuwa pamesuguliwa mpaka pakang'aa. Na chini kabisa ya kopo, ndani ya kitambaa, ilikuwepo tupa yako ndogo ya kunolea kisu cha kukatia ndala.

Nililia, Tatu. Nililia kilio kibaya, cha kamasi. Shangazi yako akapaza sauti, "Jamani muoneni Mnyamwezi anavyojua kuigiza!" wakapiga vigelegele. Mtani hakasiriki msibani. Nikaletewa jogoo wangu, nikampokea nikiwa bado nalia, na watu wakasema tangu wazaliwe hawajaona utani mtamu kama ule.

Sasa tukumbushane, labda huko uliko mtu husahau.

Wewe ndiye uliyetaka twende kuvua. Mimi nilikuwa namuuzia tu manyoya mekundu na shanga yule babu wa Kihindi wa Mchafukoge, fundi saa. Ukamuuliza kwa dharau, "Babu, kwani mjukuu wako anacheza ngoma?" Akatoa mfukoni kisamaki cha mti, kimefungwa manyoya niliyomuuzia mimi mwenyewe, akasema hicho ndicho chambo, samaki anadanganyika nacho. Ulikishika ukakigeuzageuza. Baba yako alikuwa mvuvi, alishusha samaki pale Feri maisha yake yote na hakukupandisha chomboni hata siku moja kwa sababu wewe ni mwanamke. Nadhani ndiyo maana ulimng'ang'ania babu wa watu mpaka akatuchukua hadi Pugu, kwenye yale mashimo walikochimba udongo wa matofali, yakajaa maji, yakaota magugu na kambale.

Alitufundisha miezi michache tu, kisha mwanawe akamhamisha. Lakini alitufundisha. Alisema bwawa dogo lina adabu zake. Samaki wa bwawa dogo anajua kila kitu kinachoanguka majini, kwa hiyo tumia chambo kidogo na ukitue taratibu. Usirushe kilekile siku nzima, atakizoea. Maji yakiwa meupe, mpe rangi ya fedha au ya kahawia, isiyojigamba. Yakiwa na tope, mpe cheusi kinachotikisika. Asubuhi mapema, juu ya magugu, mburuzie chura. Na alisema neno ambalo siku hizi linanirudia nikiwa naosha vyombo: samaki haumi kwa njaa tu, anauma hata kwa hasira. Ukimpitishia kitu puani mara nyingi, kitamuudhi mpaka akishambulie.

Tukatengeneza vya kwetu. Wewe ulikata vyura kwenye soli za ndala zilizokosa jozi, mimi nikaweka macho ya shanga. Tuliponda vijiko vya chai vikawa visamaki vya fedha. Tukatia shanga ndani ya vifuniko vya kalamu ili vilie majini. Na kwa kuwa sisi ni wanawake wa Kariakoo, hatukuweza kuviacha bila majina, kama vile ni kanga. Mpangaji Hahami. Wifi Kaja. Yule chura wa kijani alikuwa Shehe wa Mtaa, kwa sababu ya tumbo.

Kila Jumamosi jioni wewe ndiye uliyefunga ndoana, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vigumu kwa kazi ya ndala. Uzi mwekundu vyako, buluu vyangu. Na Jumapili tukifika majini, mimi nakuchagulia wewe chambo na wewe unanichagulia mimi. Ilikuwa sheria yako. Ulisema mtu akijichagulia anachukua kinachompendeza yeye, mwenzake ndiye atakayemkumbuka samaki. Niliipenda sheria ile. Niliwasimulia wateja. Nilisema, jamani, huo ndio ushoga, unafungiwa ndoana na kuchaguliwa chambo na mwenzio, unatupa tu.

Sikuwahi kuzikagua. Nani anakagua ndoana aliyofungiwa na shoga yake?

Vitoto vya kambale nilivipata. Lakini ukimtoa yule wa kwanza kabisa, wale wa maana, wale wa kuita watu, walikuja mpaka kwenye majani, nikawaona ndevu, halafu mshipi ukalegea kidogo na mtu akaenda zake. Siku moja nilimfuata mpaka nikaingia majini na viatu. Ukacheka ukakaa chini. Ukasema, "Mtani, mkono wako haushiki. Nyie Wanyamwezi Mungu kawapa kichwa cha kubebea mizigo, mkono kawanyima." Nami nikacheka. Jumatatu mtaa mzima wa meza zetu ukawa unajua. "Mama wa shanga, mkono umeshika jana?" Miaka, Tatu. Niliitwa Mkono Haushiki mpaka na wauza maji.

Na wewe ulijua neno hilo lilikuwa linanigusa wapi. Wewe tu ndiye uliyejua. Mimba mbili zilinitoka, na ya pili wewe ndiye uliyelala nami sakafuni siku nne, ukinikanda kwa maji ya moto. Ulimsikia kwa masikio yako mama mkwe wangu akisema ukumbini kwamba mwanawe kaoa mwanamke asiyeshika kitu. Ulitoka ukamtukana. Nilikupenda kwa matusi yale kuliko kwa jambo lolote ulilowahi kunifanyia. Sasa nauliza: wewe uliyemtukana mama mkwe wangu, ilikuwaje ukalichukua neno lake, ukalitia kwenye utani, halafu ukachukua na tupa ukalifanya liwe kweli?

Kuna siku moja nairudia kuliko zote. Zuhura alipojifungua Hamisi, ulikuja kuniita nyumbani kwangu unakimbia, bila hata viatu, wewe muuza ndala. Tukaingia, Zuhura akaninyooshea mtoto, akasema, "Mamdogo, mshike mjukuu wako." Nikarudisha mikono nyuma. Nikasema huu mkono wangu una nuksi, hata samaki haukai naye, mpeni mwingine. Sikuwa natania. Nilikutazama, na wewe ulikuwa umeelewa kwamba sitanii. Ulifungua mdomo, Tatu. Nilikuona. Ukaufunga, ukamchukua mtoto wewe. Mtoto ana miaka minne sasa na sijawahi kumpakata. Anadhani simpendi.

Siku ile ungeweza kusema. Ndoana ningekusamehe palepale, ningekutukana nikakusamehe. Ile kufunga mdomo ndiyo inayoniuma.

Baada ya hitima niliapa nitajua ni tangu lini. Unakumbuka kambale wangu wa kwanza, yule mkubwa? Chambo kilichomkamata hakikurudi kwenye kopo. Nilikitundika hapa mezani juu ya kasha la vifungo, kiwe pambo, na hapo kimekaa mpaka leo kinakula vumbi. Nilikishusha nikakipangusa. Kina kijino chake, kikali, kizima. Kwa hiyo ulianza baada ya samaki yule. Nikakaa hapa kitini nikijiuliza nilikukosea nini, nikakumbuka Jumatatu iliyofuata.

Nilikuja na kichwa cha yule kambale kwenye mfuko. Nikakipanga juu ya meza yako, katikati ya ndala, kikiwa kimeachama. Nikaita mtaa mzima. Nikasema, "Njooni mumwone Mzaramo, binti wa mvuvi, kafunzwa kuvua na Mnyamwezi aliyezoea maji ya mtungi!" Na watu walivyojaa, nikanogewa. Nikasema, "Masikini Tatu. Mume kamwacha, na samaki nao wamemwacha."

Talaka yako ilikuwa haina hata wiki. Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipoisoma ile karatasi.

Ulicheka kuliko wote. Ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa kanga, ukanitupia ndala, ukasema, "Umeniweza leo, mtani." Nami nikaamini. Ndivyo tulivyolelewa, utani hauna hasira, mtani hata akitukanwa mama yake anacheka. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kucheka palepale na kuumia palepale, akarudi nyumbani na maumivu yake na asiwe na mahali pa kuyapeleka. Leo najua, kwa sababu nami nilikaa kwenye mkeka wako nimeshika ndoana zilizosuguliwa huku nikipigiwa vigelegele.

Lakini usifikiri kujua kwangu kumekutoa hatiani. Mimi nilisema mara moja, kwa mdomo, mbele yako. Wewe ulisugua kila Jumamosi, ukinichekea, ukinipa na chai. Mimi sikujua kama nimekuumiza. Wewe ulijua kila siku.

Jumapili iliyopita nilikwenda Pugu peke yangu. Nilinunua ndoana mpya, nikazifunga mwenyewe, nikajitoboa vidole kama mwanafunzi. Maji yalikuwa meupe, hayana tope kabisa. Nilikaa muda mrefu sana mbele ya kopo letu, nililoliazima kwa Zuhura, maana hapakuwa na mtu wa kunichagulia, na kila nilichokishika nilikuwa nakusikia ukikohoa. Mwisho nikachukua kijiko kidogo cha fedha kisicho na manyoya. Nikakitua taratibu pembeni mwa magugu. Mara ya tatu kikavutwa. Mshipi ukalegea akija upande wangu, moyo ukasema haya, kwaheri. Hakwenda. Alikuja mpaka kwenye majani, na ndevu zake, nikamshika kwa mikono miwili nikamweka kifuani, tope lote likaniishia kwenye gauni.

Nikageuka nikuite.

Sijui nikuelezeje. Nilidhani nikimpata nitakuwa nimekushinda, kumbe nilikuwa natafuta uso wako. Nikalia tena, safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Nilikukasirikia kwa kunidanganya, na nilikukasirikia zaidi kwa kufa kabla sijakushika shati nikuulize.

Samaki nilimpeleka Magomeni. Zuhura akamuunga kwa nazi. Hamisi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama kwa mbali kama alivyozoea. Nikamwita, akasita, akamwangalia mama yake kwanza. Nikambeba. Mzito mjukuu wako, mifupa yote ya kwenu. Zuhura aliacha mwiko ndani ya chungu akawa anatutazama, akauliza, "Mamdogo, kumetokea nini?" Nikasema mkono umepona. Sikumwambia zaidi, na sitamwambia. Kopo nimelirudisha uvunguni kwako, ila tupa nimeitoa nimekuja nayo kwangu, ili siku akilifungua asikutane nayo.

Tatu, nimefikiri sana juu ya utani wetu. Utani ulituruhusu kusema lolote, na kwa sababu hiyo hatukuweza kuambiana kwamba hili limeniuma. Basi mimi nauvunja. Leo hii, hapa mezani kwangu, mimi Nyamizi sina utani tena na wewe. Mtani hakasirikiwi, ndugu hukasirikiwa, na mimi nataka haki yangu ya kukukasirikia kama ndugu.

Arobaini yako imekaribia. Nitakuja, nitapika, nitaosha masufuria, nitakaa karibu na mwanao watu wakiondoka. Mjomba wako akisimama tena kuwaambia watu wakusamehe, wenzangu wataitikia na mimi nitakuwa kimya. Watadhani ni majonzi. Wewe utajua. Maneno yangu ya siku ya mazishi nayachukua, yalikuwa ya mtu aliyedanganywa. Na yale niliyokusema mbele ya mtaa, juu ya mume wako, nakuomba radhi kwayo bila kungoja kitu kutoka kwako.

Lala salama, mwana wa kwetu. Niache nikasirike mpaka hasira ziishe, sijui zitachukua muda gani. Zikiisha nitakuja kaburini kwako peke yangu, bila dera lako wala mzaha wowote, nikwambie nimekusamehe, na siku hiyo nitakuwa najua nasamehe nini.

Nyamizi